Aliyeitikia Jina la Mwololo

Asubuhi ile kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa 1957, na ukungu wa Kabiria ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya kabichi. Zedekiah Sifuna alifungua mlango wa gari lake la mizigo, akaketi, akaruka nje mara moja. Vioo vililowa umande. Usukani ulikuwa baridi hata kuushika kulimuuma vidole. Lakini kiti kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi tu. Na palikuwa na harufu: ugoro, na chini ya ugoro, harufu kali ya breki zilizoungua.

"Nani amelala ndani ya gari yangu?" Zedekiah alifoka.

Mwenye nyumba, mzee Muchiri, alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya uzio. Aliinua kichwa. "Hakuna mtu amelala huko, bwana Sifuna. Gari umefunga mwenyewe, na funguo unalala nayo."

"Sijakuuliza wewe."

"Sasa umeuliza nani? Kabichi?"

Zedekiah hakujibu. Si kwamba alikosa la kusema. Aliona tu kwamba Muchiri hastahili jibu. Ndivyo alivyowaona watu wote. Wanawake waliomuuzia kabichi na karoti walikuwa "nyinyi." Wapishi wa Westlands waliopokea mboga zake mlango wa nyuma walikuwa "hawa wa jikoni." Mkewe Lornah alikuwa "wewe," tangu siku ya harusi, ingawa walikuwa na mtoto wa kike, Nakhumicha, aliyeanza kutembea. Naye mwenyewe akiitwa, hakuitika mara ya kwanza. Aliacha aitwe tena. Kuitika haraka, alisema, ni kazi ya boi.

Alifuta kiti kwa gunia, akaliwasha gari, akaenda zake mjini. Kwenye kioo cha mbele leseni mpya ilikuwa imebandikwa, karatasi ndogo ya mviringo, safi, ya jana.

Na chanzo cha mambo yote kilikuwa hiyo leseni.

Gari lile Zedekiah alilinunua kwa mjane mmoja wa Kawangware, jina lake Mbithe. Mumewe, Mwololo, alikuwa dereva hodari, mtu wa ugoro na mzaha, mpaka breki zilipomkatalia kwenye mteremko wa kuelekea Naivasha. Gari lilisimama kwenye mwamba, likapona. Mwololo alirushwa nje, hakupona. Watu wake walikuja wakamchukua, wakamzika kwao Ukambani.

Siku ya kukabidhi funguo, Mbithe alimwambia Zedekiah, "Nakuomba kitu moja tu, bwana. Jina ya mume wangu itoke kwa hiyo gari. Twende pamoja ofisini niweke kidole, waandike yako."

"Tutaenda, mama."

"Si maneno ya kucheza. Watu wa mume wangu wako na mila yao. Jina ya mtu amekufa ikiitwa mbele ya watu, wote wananyamaza. Hakuna mtu anaitika. Ukiitika, umechukua jina na kila kitu iko ndani yake."

"Basi sitaitika," alisema Zedekiah, akacheka njia nzima. Kwenda ofisini na mwanamke asiyejua kushika kalamu, akae naye kwenye benchi watu wakimwona! Alipaka rangi nyeusi juu ya jina la Mwololo lililoandikwa mlangoni pa gari, akaona kazi imekwisha.

Ofisi ya leseni ilikuwa katikati ya mji, chumba kirefu chenye madirisha madogo na mabenchi ya mbao. Utaratibu wake ulikuwa mmoja kwa wote. Unaingiza kitabu cha gari dirishani, unalipa, unaketi. Karani anapiga mihuri yake bila kuinua macho. Kisha anaita jina la mwenye gari kama lilivyo kitabuni, na anayeitika ndiye anayepewa leseni. Foleni ilikuwa ndefu, na karani hakuwa na haja ya kutazama uso wa mtu mweusi. Alisikia sauti, akanyoosha mkono.

Mwaka wa kwanza Zedekiah aliitika kwa sauti ndogo. Mwaka huu hakuona haja ya kujificha.

"Nani iko Mwololo?" karani aliita.

Mzee mmoja kwenye benchi alinong'ona, "Mwololo yule dereva? Si alikufa?"

Karani aliita tena. Zedekiah akasimama, akainua kofia yake juu. "Nimefufuka!" alisema. "Mwololo ni mimi. Lete leseni."

Wengine walicheka. Mzee yule hakucheka. Alikunja miguu chini ya benchi kama mtu anayepisha kitu kipite. Na Zedekiah alipoipokea ile karatasi, alisikia nyuma ya sikio lake mtu akivuta pumzi ndefu, kama anayeamka usingizini. Aligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Hiyo ilikuwa jana. Leo kiti kilikuwa na joto.

Siku zilizofuata, kila asubuhi kiti kilikuwa moto zaidi. Kisha rangi nyeusi ya mlangoni ikaanza kupasuka. Kwanza ikaonekana herufi moja nyeupe, kesho yake jina zima, limesimama wazi kana kwamba limeandikwa upya. Zedekiah alilipaka rangi tena. Alipomaliza kunywa chai na kutoka, jina lilikuwa limerudi, na rangi mbichi imechuruzika mpaka kwenye gurudumu. Alimlaumu Muchiri. Alimlaumu mwenye duka la rangi. Alisema watu wa siku hizi hawajui hata kutengeneza rangi.

Jioni moja alichelewa kidogo mjini. Alifika Kabiria jua likizama, akasimamisha gari penye uzio, akavuta breki ya mkono, akaingia ndani. Lornah alikuwa amesimama katikati ya chumba na taa mkononi, bado hajaiwasha. Mezani palikuwa na sahani tupu.

"Umesahau nini, Baba Nakhumicha?" aliuliza polepole.

"Nimesahau nini vipi? Ndiyo nafika. Chakula kiko wapi, wewe?"

Lornah aliitazama sahani, akamtazama mumewe, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. "Umeshakula," alinong'ona. "Nimesikia breki ya mkono. Nimesikia mlango wa gari. Umeingia, umeketi hapo, umekula. Umenishukuru."

"Wewe umeota."

"Umembeba mtoto. Ukaniambia, chakula ni kizuri, Lornah." Aliiweka taa mezani. "Umeniita Lornah. Hapo ndipo nilijua si wewe."

Zedekiah alitaka kucheka, akaiona kanga ya mtoto kitandani. Palipokuwa mgongo wa mtoto, kitambaa kilikuwa na alama ya kiganja, rangi ya hudhurungi, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nakhumicha mwenyewe alikuwa mzima, amelala, anatabasamu. Chumba kizima kilinuka breki zilizoungua.

"Mkono wake ni moto," alisema Lornah. "Na wako..." Aligusa vidole vya mumewe, akauondoa mkono wake haraka. "Wako umekuwa baridi hivi tangu lini?"

Tangu lini? Zedekiah alijua. Baridi ilikuwa imeanzia vidoleni siku ileile ya leseni, na sasa ilikuwa imepanda mpaka kwenye viwiko, na hata akiukumbatia moto haikushuka.

Wiki hiyo askari walifunga barabara Westlands, kama walivyofanya mara nyingi miaka ile ya Hali ya Hatari. Mtu asiye na karatasi zake angeweza kupandishwa lori mchana kweupe na asionekane tena. Zedekiah hakuwa na wasiwasi. Karatasi zake zilikuwa safi, naye alimwona askari kama mshamba mwingine aliyepewa viatu.

"Jina yako?" askari aliuliza, kipande cha Zedekiah, cheti chake cha utambulisho, mkononi.

Alikuwa na jina lake tayari mdomoni, jina alilopewa Kimilili na kubatizwa nalo na kulipenda kuliko kitu chochote duniani. Ulimi ukageuka. "Mwololo," alisema.

Askari alikitazama kipande, akamtazama. "Hapa imeandikwa Sifuna. Wewe ni mwizi wa vipande?"

"Mimi ni..." alisema Zedekiah, na jasho likamtoka, jasho baridi, kwa maana kila alipoinua ulimi kulitaja jina lake aliusikia umelala kama ulimi wa ng'ombe buchani, na lile jingine likaja lenyewe, jepesi, limeng'arishwa, likasimama mlangoni pa meno yake likingoja kutoka. Ndipo kutoka kiti cha pili, mahali palipokuwa na gunia la karoti tu, sauti tulivu ikasema, "Zedekiah Sifuna, afande. Huyu dereva wangu ana homa."

Askari aliinama, akatazama ndani, na Zedekiah hakujua askari yule aliona nini. Lakini alipiga saluti ndogo, akarudisha kipande kupitia dirisha la upande wa pili. Kikapokelewa.

Mchana huo Zedekiah alirudi nyumbani bila kuuza kitu. Lornah hakumuuliza. Alijifunga leso, akatembea kwa miguu mpaka Kibera, akarudi na Maalim Farajallah, Mnubi mmoja aliyejulikana kwa kutoa majini yaliyowapanda watu.

"Umeniletea mtu wa kofia?" Zedekiah alinong'ona. "Mimi ni mtu wa kanisa."

"Kanisani ulienda lini mara ya mwisho?" Lornah aliuliza. Hakuwa ameuliza swali kama hilo tangu aolewe.

Maalim hakukasirika. Alimtazama Zedekiah kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemwaga wino, kisha akaenda kwenye gari. Jua lilikuwa linaanza kukaa juu ya miti ya Riruta. Alitia ubani kwenye makaa, akazunguka gari na chetezo akisoma kwa sauti ya chini, na moshi wa ubani, badala ya kupanda, ukaingia wote ndani ya gari kupitia dirisha la dereva kama unaovutwa na pua. Maalim akasimama.

"Wewe uliyeingia," alisema, "taja jina lako."

Kiti cha dereva kilibonyea. Hapakuwa na mtu.

"Zedekiah Sifuna," sauti ikajibu, na ilikuwa sauti ya Zedekiah mwenyewe, iliyotulia tu na kutakata. "Wa Kimilili. Mume wa Lornah. Baba yake Nakhumicha."

Maalim akageuka. "Na wewe, ndugu yangu, ni nani?"

Zedekiah alifungua kinywa na dharau yote aliyokuwa nayo. "Mwololo," akasema, na machozi yakamtoka.

Ndani ya gari kitu kilicheka. Hakikucheka kwa ukali; kilicheka kama mtu mkubwa anayeoneshwa kitu duni sokoni. "Msimlilie," kilisema. "Jina lile nililikuta linaning'inia, mwenyewe kalala zamani, hakuna aliyekuja kulitungua. Nikalivaa. Likanibana. Kisha bwana huyu akasimama mbele ya watu akasema ni lake! Nimemwachia. Nami nimechukua alilolitupa. Jina zuri, karibu jipya. Mtu asiyelijua jina la mkewe, lake mwenyewe analihitajia nini?"

Makaa ya chetezo yakazimika yote kwa pamoja. Maalim Farajallah akafunga mkoba wake.

"Mtoe!" Zedekiah alimshika joho. "Nitakupa chochote."

"Majini nimetoa wengi," alisema Maalim kwa upole. "Lakini huyu akiulizwa anajibu kwa jina la mwenyeji, na mwenyeji akiulizwa anajibu kwa jina la mgeni. Mimi nimtoe nani? Nikisoma sasa hivi, nitakutoa wewe."

"Tufanye nini, Maalim?" aliuliza Lornah.

"Alipoitikia, hapohapo akatae. Nendeni na yule mjane, jina la mumewe litolewe kwenye gari. Karani akiita jina la marehemu, nyamazeni wote. Kisha ataita jina la huyu." Alimgeukia Zedekiah, akanyoosha kidole kimoja. "Litaitwa mara moja. Itika hapohapo. Usingoje la pili. Ulimi utafunguka kwa pumzi hiyo moja tu, na yeye pia atakuwepo, anasikiliza."

Kesho yake waliketi kwenye benchi, Lornah upande mmoja, Mbithe upande wa pili. Nakhumicha walimwacha kwa mke wa Muchiri. Mbithe hakuwa amemlaumu Zedekiah hata kidogo. Alipoambiwa, aliinama tu, akasema, "Nilikuomba kitu moja." Baridi ilikuwa imemfika Zedekiah kifuani. Alikuwa amevaa koti zito, na bado watu walioketi karibu walisogea, wakijifunika, wakiuliza nani amefungua mlango.

Mbithe aliitwa dirishani, akaweka kidole. Karani alipiga muhuri, akapiga mwingine, hakuinua macho.

"Mwololo!"

Chumba kilinyamaza. Mzee yule wa siku ile alikuwapo, akavua kofia. Zedekiah alihisi neno linapanda kooni kama matapishi, "Mimi, mimi," likisukuma meno yake kwa ndani. Akauma ulimi mpaka ladha ya damu ikamjaa mdomoni, akashika benchi kwa mikono yote miwili, akatikisika, lakini hakutoa sauti.

"Mwololo hapana iko?"

Kimya. Mbithe alikuwa analia bila kelele.

"Basi," alisema karani, akachora mstari.

Harufu ya breki ikaondoka. Ilikatika ghafla, kama dirisha limefunguliwa, na badala yake ikaingia harufu ya vumbi na ya mji na ya machungwa ya mtu mmoja pale kwenye foleni, na joto likarudi vidoleni mwa Zedekiah, likawasha, likapanda viganjani, naye akajua kwamba ameshinda. Mgongo wake ukanyooka. Alimtazama mzee aliyevua kofia, akawatazama wote waliokuwa wamesogea mbali naye, watu wa viraka na malapa, na lile tabasamu lake la zamani likamrudia pembeni ya mdomo.

"Zedekiah Sifuna!" karani aliita.

Alilisikia. Lilikuwa jina tamu. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, uko tayari. Lakini shingo yenye mazoea ya miaka mingi haikugeuka upesi. Karani gani huyu wa kumwita na yeye aruke kama boi? Aliinua kidevu, akarekebisha ukosi wa koti, akangoja kidogo tu, aitwe tena.

"Naam," mtu alijibu nyuma ya benchi. "Mimi hapa, bwana."

Aliyepita mbele alikuwa amevaa koti kama la Zedekiah na kutembea kama Zedekiah, ila kwa adabu. Aliomba radhi kwa kila aliyempita. Alipoegemea dirisha, ubao chini ya kiganja chake ulitoa moshi mwembamba. Karani alisikia sauti, akanyoosha mkono, akatoa leseni.

"Ni mimi!" Zedekiah alipiga kelele. "Mimi ndiye!"

"Wewe nani?" aliuliza karani, na kwa mara ya kwanza aliinua macho.

Zedekiah alifungua kinywa. "Mwololo," alisema.

Yule mwingine aligeuka. Hakumtazama Zedekiah hata kidogo. Macho yake yalimpita kama yanavyopita benchi. "Lornah," alisema, "twende. Mtoto anatungoja."

Lornah alisimama. Alimtazama mtu wa kwenye benchi kwa muda, uso umekunjamana, kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akajifunga leso vizuri. "Naja, Baba Nakhumicha," akasema, akatoka naye. Nje mlango wa gari ulifungwa, breki ya mkono ikaachiliwa, gari likaondoka polepole kuelekea Kabiria. Mlangoni pa gari, kwa herufi nyeupe ambazo hazikuwa zimekauka, lilisomeka jina la Z. Sifuna.

Benchi lilibaki na watu wawili. Joto lile dogo la vidoleni lilikuwa limezimika, na baridi iliporudi haikuanzia vidoleni tena. Ilikuja kutoka chini, kutoka sakafuni, ikiwa na harufu ya udongo mwekundu uliofukuliwa. Mbithe aligeuka. Aliutazama uso uliokuwa kando yake, na mkono ukampanda mdomoni. Alikigusa kifua kile, kisha shavu, taratibu, kama mtu anayepapasa kitu gizani.

"Umekuwa baridi hivi," alinong'ona. "Na tulikuwa tumekufunika vizuri."

Aliushika mkono wake. Machoni mwake hapakuwa na hasira wala shaka, ila huruma ya mke kwa mume aliyepotea njia.

"Mwololo," aliita, "simama nikurudishe nyumbani."

Na yule mtu ambaye maisha yake yote hakuitika mara ya kwanza, aliitika hapohapo.